Jembe la Bauma, Ng'ombe wa Mama Furaha

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki, na hotuba ndefu ambazo hata moja haikutaja bidoni. Nikasema moyoni, hawa watoto wataniua. Mtu amefanya kazi ya kupigisha watu kura kambini tangu nywele zake zikiwa nyeusi, halafu anaagwa kana kwamba alikuwa mhasibu. Basi naona niwaandikie mwenyewe. Vyeo vyangu mnavijua, sina haja ya kuvirudia. Nitawasimulia habari za bidoni, yale madumu ya maji, za vizibo vya chupa, na za ng'ombe mmoja ambaye sikuwahi kumwona kwa macho yangu, lakini alinisumbua kuliko mtu yeyote.

Kwanza muielewe kazi yenyewe, maana wengine wenu mmeijia ofisini moja kwa moja. Kambi ya waliokimbia vita ni nchi ndogo sana. Ukiamka mapema unaizunguka yote kwa miguu, ukirudi maji ya chai ndiyo yanaanza kuchemka. Ina mitaa yake tunayoiita bloki, kila bloki ina diwani wake, na juu yao wote yuko prezida wa kambi, ambaye ni kama meya. Ndiye anayeamua foleni ya maji ianzie wapi, ndiye anayepatanisha majirani waliogombania kamba ya hema, ndiye anayesema na wakubwa wakishuka kwenye magari yao. Malipo yake ni lawama. Hata hivyo watu huutaka uongozi huo kwa nguvu zote, nami sikuwahi kuwacheka. Mtu aliyenyang'anywa nyumba, shamba na mifugo, aliyeambiwa kaa hapa, panga mstari pale, siku ya kura ndiyo siku anayoulizwa anataka nini.

Mimi niliingia kazini kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nikiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na sauti yangu ilikuwa ikisikika kutoka gatini mpaka barabarani. Asubuhi moja alikuja mteja mmoja, mzee mrefu mwenye miwani, koti limekatika kifungo, akanunua samaki kidogo, akabaki amesimama.

"Mama, unapiga kelele hivi kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku, Muzee. Samaki hawajiuze."

"Megafoni yangu imekufa. Kesho niko na kazi Kibumba. Njoo, utakuwa megafoni."

Huyo ndiye Muzee Lwanzo, aliyekuwa mkurugenzi wa shule ya msingi kabla vita havijamleta Goma. Kesho yake nikapanda lori pamoja naye. Wale wanaoijua Kibumba wanajua baridi yake. Nilitetemeka hadi adhuhuri, ukungu ukinipiga usoni, huku nikiita watu bloki kwa bloki. Siku zile kura zilipigwa kwa mstari. Wagombea walisimama, kila mtu akaenda kujipanga nyuma ya anayemtaka, halafu tukahesabu vichwa. Mimi niliona ni jambo zuri, la wazi, halina hila.

"Uliona ile mama mwenye kitambaa ya bulu?" Muzee Lwanzo akaniuliza tuliporudi garini.

"Nilimuona."

"Alikuwa anaenda kwa ule kandida mwanamuke. Bwana yake akakohoa. Akageuka, akarudia nyuma ya bwana yake." Akavua miwani, akaifuta. "Sitaki tena kura ya kukohoa. Tutafute njia ingine."

Njia nyingine ndiyo bidoni. Tulichukua bidoni za njano za maji, zilizozeeka, tukazitoboa tundu begani kwa kisu cha moto. Bidoni yenye tundu haibebi maji ikajaa, kwa hiyo hakuna anayeitamani, na sijaona sanduku la kura lililo salama kuliko hilo. Kila mgombea anakuwa na bidoni yake, zote zinawekwa nyuma ya turubai, mpiga kura anaingia peke yake. Akohoe anayetaka kukohoa, yuko nje.

Tatizo likawa ni nini cha kutumbukiza. Tulianza na maharagwe, huko karibu na mji wa Kiwanja, mahali ambapo maharagwe hayakosekani. Kila mtu tulimpa punje moja. Mchana, wakati tunapumzika kabla ya kuhesabu, mama aliyekuwa akitupikia aliona bidoni mbili zina maharagwe, zimesimama kimya kando ya jiko lake, akamshukuru Mungu na kuzikung'uta sufuriani. Tulikula kura zote za bloki ile kabla mtu yeyote hajajua nani ameshinda. Zilikuwa na chumvi nzuri. Muzee Lwanzo alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akasimama mbele ya watu, akawaeleza kila kitu bila kuficha, na siku iliyofuata tukarudia uchaguzi. Hakuna aliyelalamika. Mmoja tu aliomba turudie na maharagwe.

Baada ya hapo tukafikiria vijiwe, lakini Goma mtu akiinama tu anapata kura za kutosha kumweka meya, volkano imetujazia. Ndipo tukafika kwenye vizibo vya chupa. Navyo peke yake havitoshi, kwa sababu mwenye kilabu cha bia anakuwa na kura za nchi nzima. Dawa yake ni rangi. Tulikuwa tukibeba vizibo kwenye mfuko, na asubuhi ya kura, wote wakiwepo, tunachagua rangi ya siku hiyo na kuvipaka hapohapo. Msisahau kuvikausha. Vizibo vibichi hushikana, na mtu mmoja anajikuta ameangusha kura nne bila dhambi yoyote.

Sasa nifike kwenye picha. Wengi kambini hawakupata bahati ya kusoma, kwa hiyo kila bidoni ilihitaji mchoro wa kumtambulisha mgombea wake. Wengine katika kazi hii hugawa alama ovyo: huyu taa, yule mwavuli. Muzee Lwanzo alikuwa na desturi yake. Alimketisha kila mgombea na kumuuliza swali moja tu: "Uliacha nini kwenu?" Atakachotaja ndicho kinachochorwa. Alisema anayeomba kuongoza watu waliopoteza vitu, na yeye aonyeshe alichopoteza. Kwa miaka mingi nilichora cherehani, milango, gitaa, mparachichi wenye tawi moja, hata mbuzi mwenye pembe iliyovunjika. Kuna bwana mmoja alitaka tumchoree mama mkwe wake. Tulimwomba afikiri tena.

Muzee Lwanzo alipochoka, magoti yakamkataza lori, aliniachia mfuko wa vizibo na lile swali. Nikavitumia vyote kama alivyonifundisha. Na desturi ile nzuri ndiyo iliyotaka kutuvunjia kambi.

Kambi hiyo ilikuwa nje ya mji, upande wa Sake, juu ya mawe matupu. Watu wake walitoka milima ya Masisi, wakulima na wafugaji pamoja. Wagombea uprezida walikuwa wawili. Wa kwanza Bauma, mkulima wa viazi, mtu mfupi mwenye mabega mapana na maneno machache. Wa pili Mama Furaha, mjane wa familia ya wafugaji, mwanamke mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Hawa wawili walitoka mlima mmoja, ua wa huyu umegusana na ua wa yule. Risasi zilipoanza, watoto wa Bauma ndio waliombeba mama mzazi wa Furaha kwenye kipoyi, machela ya miti, mpaka Goma. Mama huyo mzee tulikuwa tukimwita Koko Yozefina, yaani bibi Yozefina. Miguu yake ilikuwa imekwisha, lakini kila asubuhi vijana wale wa Bauma walivuka bloki kuja kumtoa hemani na kumweka juani, mchana wakamrudisha. Kambi nzima ilimsalimia akiwa pale juani.

Nikamuuliza Bauma aliacha nini kwao. "Jembe yangu," akasema. Nikamuuliza Mama Furaha. "Bihogo," akasema, akacheka, halafu hakucheka tena. Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu. Nikachora jembe, nikachora ng'ombe, nikabandika kwenye bidoni na kwenye nguzo za bloki zote. Nilijisifu hata, kwa sababu safari ile ng'ombe alitoka vizuri, hakufanana na mbwa.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshaelewa. Kule milimani ugomvi wa siku zote ni ng'ombe kuingia shambani na shamba kuingia malishoni. Ulikuwa ugomvi wa majirani, wa kulipana na kunywa pamoja, mpaka wenye bunduki walipoutia mkono. Nami nilikuwa nimeuchukua ugomvi huo, nikaupa rangi nyekundu na nyeusi, nikaugongomea misumari kambi nzima. Haikupita wiki vijana wa upande mmoja wakawa wanaimba nyimbo za jembe wakipita kwa wafugaji, na wa upande wa pili wakawajibu kwa kulia kama ng'ombe. Mwanzoni watu walicheka. Halafu hema moja likapasuliwa, mama mmoja akasukumwa kwenye foleni ya maji, na kicheko kikaisha.

Asubuhi moja nikakuta mawe yamepangwa. Mstari wa mawe meusi, umefika magotini, umetoka barabarani ukapita katikati ya mahema hadi mwisho wa kambi. Umepita kando ya bomba la maji. Umepita ndani ya shule yetu, ile ya turubai, ukatenganisha mabenchi. Upande huu jembe, upande ule ng'ombe. Na Koko Yozefina hakuwa juani. Vijana wa Bauma walikuwa wameambiwa na wenzao kwamba atakayevuka asirudi.

Mkubwa wetu wa ofisi ya mjini, pale Himbi, siku hizo alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alikuja, akautazama mstari, akafanya hesabu zake kichwani. Akaniambia: ikiwa mpaka Ijumaa kambi haijapata prezida anayekubaliwa na pande zote mbili, tutafanya kambi mbili, wakulima wabaki, wafugaji wahamishiwe kwingine. Aliona ni amani. Mimi niliona kitu kingine: watu wa mlima mmoja wakitenganishwa hapa, hawatarudi kwao pamoja kamwe. Watarudi kama maadui, au hawatarudi. Niliogopa sana, nasema kweli. Nilikwenda kwa Muzee Lwanzo, nikamkuta ameketi na magoti yake, nikamwambia swali lake limetuharibia.

"Swali iko muzuri," akasema. "Jibu ndio kila mutu ameshika ya kwake peke yake. Uwaite wawili. Usiwafundishe kitu. Uwaite tu."

Nikawaita kwenye turubai la shule, mmoja kila upande wa mawe, mimi nimekaa juu ya mawe yenyewe kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Kwanza walirushiana maneno. Watu wako wamefanya hiki, watu wako wamefanya kile. Mama Furaha alisema mama yake ana siku tatu hajaona jua. Bauma akainamisha kichwa.

"Mama Furaha, minafanya nini?" akasema. "Hawa batu hawanichague mimi. Wanachagua jembe. Nikiwaambia waache, wanasema nimenunuliwa na ng'ombe."

"Na mimi ni vilevile. Nikisema neno, wananiambia Bihogo atakasirika." Akacheka kidogo, akajifuta macho. Kisha akanyoosha mkono juu ya mawe. "Basi nipatie."

"Nikupatie nini?"

"Jembe. Nipatie jembe yako."

Bauma akamtazama. "Na mimi nabakia na nini?"

"Unachukua Bihogo. Lakini umuchunge vizuri, unasikia? Hapendake kupigwa."

Nilikuwa nimekatazwa kufundisha, na hata hivyo sikuwa na la kufundisha. Bauma akakwaruza jiwe kwa ukucha. Mwisho akasema: "Mbele ya batu wote."

Kesho yake nilipiga kelele kama siku za sambaza, kambi yote ikakusanyika huku na huku ya mstari. Mama Furaha akapanda juu ya mawe akiwa ameshika ule mchoro wa jembe. Watu wakaguna. Upande wa wafugaji mtu akazomea.

"Hii jembe ni ya Bauma," akasema. "Minaijua kuliko nyinyi, kwa sababu ndio ilikuwa inaniamusha. Asubuhi mapema, ko, ko, ko, nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa namutukana. Halafu bwana yangu alipokufa, nani alilima shamba yangu ya viazi? Mulikuwa hapo. Semeni. Nani?"

Bauma akapanda, mchoro wa ng'ombe kifuani, amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Hii ni Bihogo," akasema. "Ilikula maharagi yangu. Mara mingi. Nilikuwa naipiga mawe." Upande wa wakulima wakashangilia. Akangoja wanyamaze. "Bibi yangu alipougua, maziwa ilimukauka, na mutoto wetu Riziki alikuwa na wiki moja. Mama Furaha alileta maziwa ya Bihogo, kila asubuhi, kila magaribi, mpaka bibi yangu akapona. Riziki ule pale. Muangalie vile alinona. Hiyo ni Bihogo." Hapo akajaribu kumwita ng'ombe kwa mluzi wa wafugaji, akaukosea vibaya kabisa, na upande wa pili wa mawe wazee wakaangua kicheko, wakawa wanamfundisha kutoka mbali jinsi ya kuupiga. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Nikabandua picha, nikazibadilisha kwenye bidoni. Wale waliokuwa wakiimba nyimbo za jembe wakabaki wamechanganyikiwa, kwa sababu sasa kuliimbia jembe ni kumwimbia Mama Furaha. Ijumaa wakaingia mmoja mmoja nyuma ya turubai. Niliwasikia wengine wakikaa muda mrefu kabla kizibo hakijalia ndani ya bidoni. Nilipenda sana ule ukimya. Mtu alikuwa anafikiri juu ya mtu.

Mtaniuliza nani alishinda, maana ofisini ndilo swali lenu la kwanza. Alishinda Mama Furaha, kwa jembe. Bauma akawa msaidizi wake, na alilalamika mwaka mzima. "Mama, ng'ombe yako haijue siasa," alikuwa akimwambia. Lakini matokeo yalitangazwa mchana, na kabla sijamaliza kuyasema niliona vijana wawili wa Bauma wakivuka mstari, wakaingia hemani, wakatoka wamembeba Koko Yozefina, kitambaa kimemziba jicho moja kwa ajili ya mwanga. Wakamweka juani. Mawe yale yakaondolewa taratibu, kila aliyekuwa na shida ya jiwe alichukua, na mengi yakaishia kuwa sakafu ya shule.

Tangu hapo nilibadilisha desturi. Mgombea simuulizi tena aliacha nini kwao. Namuuliza jirani yake aliacha nini, na akishindwa kujibu, namtuma akaulize kwanza. Wengine walikwenda na hawakurudi kugombea. Hao sikuwahi kuwasikitikia.

Mwisho wa kazi yangu mnaujua. Vita viligeuka tena, kambi za Goma zikafungwa kwa haraka, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Nilisimama kando ya barabara nikitazama chukudu, zile baiskeli za mbao, zikipita zimebeba mahema yaliyokunjwa, na niliona kazi yangu yote imekunjwa humo ndani. Nchi ile ndogo ilikuwa imefutika. Nikachukua saa yangu ya ukutani nikaenda nyumbani kuketi. Nilikuwa na uchungu ambao siku ya keki sikuwaambia.

Halafu simu ikalia.

"Mama Zawadi, walikuachisha kazi," sauti ikasema, na nikaijua kwa kicheko, "lakini bidoni, walikunyang'anya?"

Alikuwa Mama Furaha, kutoka mlimani kwao. Walikuwa wakichagua komite ya chemchemi ya maji. Nikafunga bidoni mbili nyuma ya pikipiki, nikapanda Masisi, na njia ile mnaijua, nilifika nikiwa tope mpaka nyusi. Nyumba nyingi zilikuwa zinaezekwa upya. Bauma alikuwapo, nywele zimekuwa nyeupe, na nyuma ya nyumba yake nikaona ndama mwekundu amefungwa. Sikuuliza ni wa nani.

Wagombea walikuwa vijana. Mmoja binti wa familia ya wafugaji, wa pili kijana wa wakulima, na wote wawili kambini walikuwa bado wanatambaa. Nikatoa kalamu zangu za rangi, nikajiandaa kuuliza swali langu. Binti akaniambia nisijisumbue, picha wameshachora. Akanionyesha yake. Ilikuwa jembe. Ya kijana ilikuwa ng'ombe, na alimchora vizuri kuliko mimi.

"Nani aliwafundisha hivi?" nikauliza.

Binti akanishangaa, kwa heshima, kama mtu anavyomshangaa mgeni.

"Hakuna mutu, Mama. Huku kwetu ni vile inafanyikaka. Kandida anachukuaka kitu ya jirani. Kitu yako, utaisemea nini na batu wote wanaijua?"

Mama Furaha akatazama pembeni. Bauma akapiga mluzi wa ng'ombe, na safari hii aliupata.

Bidoni niliwaachia palepale. Nikapanda pikipiki, nikashuka Goma kwenye saa yangu ya ukutani.